RX-8 na ekzosi ya sokoni: ununue nini, uache nini

Swali nililoletewa, nalifupisha: mkuu mmoja ana Mazda RX-8 ya 2005, manyo ya gia sita, gari imeanza kukosa nguvu ikifika mizunguko ya juu na fundi kamwambia masega (kile kisafisha moshi chenye vitundu vidogovidogo ndani ya bomba la ekzosi) yameziba, ayatoboe yaishe. Yeye akaona kama ni kugusa ekzosi bora abadilishe yote kabisa, kaona seti ina heda (mabomba ya mwanzo yanayopokea moshi kwenye injini, yanachukua nafasi ya manifoldi ya kiwandani), bomba la kati lisilo na masega na silensa mbili za nyuma, na muuzaji anamwahidi farasi 30 zaidi. Anauliza anunue seti nzima au achague, chuma gani, inchi ngapi, na kwa nini kila mtu anamwambia rotari, yaani injini kama ya hii gari yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, ina mambo yake.

Mkuu, seti nzima usinunue. Nunua masega mazuri, nunua silensa iliyotengenezwa kwa ajili ya rotari, heda achana nayo kwa sasa, na kabla hujatoa hata senti moja kagua koili na plagi. Hayo ndiyo majibu kwa ufupi, sasa ngoja nikueleze sababu manake ukielewa sababu hakuna muuzaji atakayekuchezea tena.

Tuanze na masega kuziba. Masega hayazibi yenyewe tu bila sababu, hasa kwenye hii gari. RX-8 ina koili nne na kila rota ina plagi mbili. Koili moja ikichoka gari inamisi kidogo kidogo na wewe huenda usisikie chochote, manake plagi ya pili ya rota ileile inabeba mzigo, ila kuna petroli inatoka haijaungua, inaenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda kuliko yale masega yalivyoundwa kuvumilia, kauri ya ndani inayeyuka, vitundu vinajifunga. Hapo moshi unakosa pa kutokea, joto linabaki kwenye injini, na sili za rota ndizo zinaumia. Wenye hizi gari wengi hubadilisha koili kila kilomita 50,000 hivi bila kusubiri zife, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ukiweka masega mapya juu ya koili mbovu unakuwa umenunua masega ya kuyeyusha, na ukiweka bomba tupu basi ile petroli itaenda kuwakia kwenye silensa, utasikia milipuko kule nyuma ukiachia mafuta, wengine wanafurahia mlio huo wakati injini inawaambia inaumwa.

Kujua kama masega yameziba kweli sio jambo la kubahatisha. Sensa ya oksijeni ya mbele imefungwa kabla ya masega, unaifungua, pale kwenye tundu lake unafunga geji ya presha, unawasha gari. Injini yenye njia nzuri ikinguruma tu imesimama, mguu haujakanyaga mafuta, geji inakaa chini ya psi 1.5 hivi, ukiishikilia kwenye mizunguko 2500 isizidi psi 3. Ikipanda zaidi ya hapo na inaendelea kupanda kila unavyoongeza mafuta basi njia imeziba. Halafu shusha lile bomba umulike tochi ndani kutokea upande wa injini. Masega mazima unaona vitundu vya mraba vimepangana sawasawa kutoka ukingo mpaka ukingo, rangi ya kijivu au ya udongo. Yaliyoyeyuka utaona katikati pamezama, pamekuwa laini panang'aa, vitundu vya pale vimeungana kuwa uso mmoja, na pembeni pengine vitundu bado vipo vizima, ndio maana gari ilikuwa inatembea vizuri mjini ila ikikata juu. Tikisa bomba lenyewe, ukisikia vipande vinagonga ndani ujue kuna vingine vimeshasukumwa mpaka kwenye silensa ya nyuma, na hiyo nayo inatakiwa ikaguliwe, la sivyo utabadilisha masega halafu kizibo kinakusubiri mbele ya safari.

Na ukiwa hapohapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini. Kwa kipimo cha rotari lakini, kile kinachosoma nyuso tatu za kila rota, kipimo cha kawaida cha pistoni kitakupa namba moja tu ya juu na itakudanganya. Kwa injini ya RX-8 kiwango cha chini cha Mazda ni 680 kPa kwenye mizunguko 250 ya starta. Ukiwa chini ya hapo, mkuu, hela ya ekzosi iweke pembeni ianze kujenga mfuko wa injini, nakuambia kwa moyo mmoja, manake hakuna bomba la aina yoyote litakalorudisha kompresheni.

Sasa tuje kwenye hiyo ya rotari kuwa na mambo yake. Injini ya pistoni ina valvu ya moshi, inafunguka kwa kufuata kemu, taratibu. Rotari haina valvu. Rota yenyewe ikipita ndiyo inafungua tundu na ndiyo inaliziba, kwa hiyo moshi unatoka kwa kishindo. Kila rota inapiga pigo moja kwa kila mzunguko wa shafti, rota mbili mapigo mawili, idadi ileile ya injini ya pistoni nne, ila pigo lenyewe ni kali zaidi na ndio maana rotari ikiwekewa silensa ya Corolla inapiga kelele ya kutisha. Halafu joto. Chumba cha mwako cha rotari ni kirefu na chembamba, moto unachelewa kumaliza kazi, moshi unatoka kwenye tundu bado unawaka, ukikanyaga sana nyuzi 900 za Selsiasi kwenye ekzosi ni jambo la kawaida. Ongeza na oili ambayo injini inajichomea yenyewe makusudi ili kulainisha sili, hiyo nayo inapita humohumo. Kwa hiyo kitu cha kwanza unachotafuta kwenye ekzosi ya rotari ni kuvumilia joto, cha pili kuzuia kelele, farasi wanakuja nyuma ya hayo mawili.

Na kwa RX-8 farasi wako nyuma zaidi, hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Injini yako inaitwa Renesis, 13B-MSP. Kwenye 13B za RX-7 tundu la moshi liko kwenye ukuta wa mzingo wa nyumba ya rota, ule ambao ncha za rota zinausugua, na kuna kipindi tundu la kuingiza hewa na la kutoa moshi yote yako wazi kwa pamoja. Kwenye injini ya namna hiyo heda nzuri ina kazi kubwa, pigo la moshi likitoka kwa kasi linavuta nyuma yake, na hewa mpya inaingia vizuri zaidi, urefu wa mabomba ukibadilika na nguvu inabadilika. Mazda walipotengeneza Renesis walihamisha matundu ya moshi wakayaweka kwenye sahani za ubavuni, na kile kipindi cha matundu mawili kuwa wazi pamoja wakakiondoa kabisa. Walifanya hivyo kwa ajili ya usafi wa moshi, petroli isiyoungua inabaki ndani inaungua kwenye mzunguko unaofuata badala ya kukwanguliwa na sili mpaka nje. Matokeo yake kwako mnunuzi wa heda ni kwamba heda haina cha kuvuta, wakati moshi unatoka mlango wa hewa umefungwa. Na isitoshe Renesis ina midomo mitatu ya moshi, ule wa katikati unapokea kutoka rota zote mbili, sasa hata fundi akikata mabomba matatu yenye urefu sawa kwa milimita, la katikati linabeba mapigo ya pande mbili na hesabu ya urefu sawa inaharibika palepale.

Farasi 30 wanatoka wapi basi? Wanatoka kwenye masega yaliyoziba. Mtu ana gari iliyokabwa, anafunga seti nzima kwa siku moja, gari inarudisha nguvu zake za siku zote, anaamini ni heda. Ukiweka tu masega mapya ya kiwandani nguvu hizohizo zinarudi. Kwenye Renesis nzima, yenye ekzosi nzima ya kiwandani, seti ya namna hiyo inakupa farasi wachache, na wengi wao wanapatikana huko juu karibu na 9000 ambako unafika mara moja moja.

Kuna kitu unapoteza pia. Manifoldi ya kiwandani imezungushiwa kinga ya joto, heda nyingi za sokoni zinakuja uchi, joto lote linamwagika kwenye waya, mabomba ya oili na plastiki za pale karibu. Na sensa ya mbele ya RX-8 ndiyo ECU, kompyuta ya injini, inaitegemea kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, heda ikiihamishia mbali au ikaisimamisha pembe ambayo moshi wa rota moja unaigusa kuliko mwingine, namba zinakuwa za uongo na gari inajirekebisha kwa kufuata uongo. Kama siku moja manifoldi yako itapasuka na ya kiwandani ikakosekana, hapo heda ina sababu, tafuta yenye sensa mahali palepale pa mwanzo na uipake koti la kauri ndani na nje kabla ya kufunga. Ule utepe wa kuzungushia mabomba mimi siupendi, unashika maji na unaliweka bomba kwenye joto ambalo chuma chembamba hakiwezi.

Masega sasa. Usiyatoboe na usiweke bomba tupu. Nchi nyingi gari ya barabarani isiyo na masega haipiti ukaguzi, moshi wa rotari usiopita kwenye masega unanukia petroli mpaka kwenye nguo, na lile kopo lililotobolewa linabaki pango ambalo moshi unazungukazunguka ndani, mlio unakuwa mbaya. Una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni masega ya kiwandani mapya, ghali ila taa ya cheki injini haikusumbui. Ya pili ni masega ya sokoni yenye moyo wa bati badala ya kauri, seli 200 kwa inchi ya mraba au 300, moyo wa bati unavumilia joto la rotari na mitikisiko vizuri kuliko kauri na unapitisha moshi vizuri. Ukienda seli 100 au mafupi sana, sensa ya nyuma itaona usafi hautoshi na utakutana na msimbo wa hitilafu P0420, taa itawaka na haitazima. Kuna watu wanakwambia weka kipande cha kuirudisha sensa nyuma ili isione, hapana, nunua masega yanayofanya kazi. Muulize muuzaji maswali mawili: moyo ni bati au kauri, na unafaa injini ya ukubwa gani. Akishindwa kujibu ondoka.

Na kama pesa haitoshi vyote viwili, malizia koili, plagi na masega, silensa ya kiwandani iache palepale. Ni nzito kweli, ile kubwa iliyolala kwa ubavu chini ya buti na midomo miwili, ila inapumua vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Ukifika kwenye silensa ndipo pa kuwa mchaguzi haswa, manake utaishi na mlio wake kila siku. Fanya hesabu hii ndogo: mizunguko 3000 kwa dakika ni 50 kwa sekunde, mara mapigo mawili unapata mapigo 100 kwa sekunde. Sauti ya chini ya namna hiyo ndiyo inayovuma ndani ya kabini, na 3000 mpaka 4000 ndiko gari inakokaa ukiwa barabara kuu kwenye gia ya sita. Silensa moja ya nyuma iliyo wazi haiwezi kuizuia hata ikiwa na jina kubwa kiasi gani. Unahitaji resoneta, kopo la kumeza mvumo, katikati, ndefu, kadiri nafasi chini ya gari inavyoruhusu, halafu ndiyo silensa ya nyuma. Seti nyingi za bei rahisi zinaondoa resoneta kabisa zinaweka bomba lililonyooka kisha kopo mbili nyuma, picha inapendeza, baada ya wiki mwenye gari anaziba masikio. Kumbuka desibeli 10 zaidi masikio yanazisikia kama kelele imekuwa mara mbili hivi, kwa hiyo tangazo likisema "desibeli chache tu juu ya kiwandani" uliza chache ni ngapi na zilipimwa kwenye mizunguko mingapi.

Angalia ndani ya silensa. Zile za bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ndizo zinapitisha vizuri, lakini pamba ya kioo ya kawaida kwenye rotari haidumu, inapikwa, inakuwa vumbi, inapeperuka kupitia matundu yaleyale, na silensa iliyokuwa tulivu inaanza kupasua sauti mwezi baada ya mwezi. Chagua yenye sufi ya stenlesi iliyozungushwa kwanza kwenye bomba ndipo ifuate pamba ya joto kali, basalti au kauri, na ikiwa inafunguliwa kwa boliti ili ujaze upya ni bora zaidi. Kampuni zilizoshughulika na rotari kwa miaka mingi, Racing Beat kwa mfano, zinajua hili tangu zamani, na ndio maana vitu vyao vinaonekana vya kawaida kwa macho ila vinakaa.

Kipenyo: inchi 2.5, yaani milimita 63, inakutosha kabisa kwa RX-8 isiyo na turbo. Inchi 3 waachie wenye turbo, kwako itaongeza kelele na uzito tu.

Chuma nacho. Stenlesi 304 haishiki kutu kirahisi na inabaki inang'aa, ila inatanuka sana, mita moja ikipanda nyuzi 500 inarefuka karibu milimita 9, wakati 409 inarefuka kama 6. Hiyo 409 inashika kutu ya juujuu na sumaku inaivuta, ila kwenye joto inatulia zaidi. Kwa hiyo ukinunua 304, na nyingi ni hizo, hakikisha kuna kipande cha kunesa au angalau viungo vinavyoteleza, manake bomba lililobanwa kote kote litatafuta pa kupasukia na litapasuka kwenye mshono. Unene usipungue milimita 1.5. Muuzaji akiandika "stenlesi" bila namba, beba sumaku. Halafu ingiza kidole ndani ya bomba pale lilipochomelewa kwenye flanji, mshono mzuri unausikia umelala, mbaya unakutana na mafundo na vibonge vimening'inia kwa ndani, na nje wamesugua mpaka panang'aa. Hivyo vibonge vinakaba moshi na vingine vitadondoka viende kwenye masega yako mapya.

Najua wenye RX-7 nao watasoma hili, maneno mawili kwao manake kwao makosa ni ghali zaidi. FD, yaani RX-7 ya kizazi cha tatu yenye turbo mbili, ukifungua njia yote kwa mara moja, daunpaipu (bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo), bomba la kati bila masega na silensa wazi, wastigeti ya kiwandani (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi) ni ndogo haiwezi kumwaga moshi wa kutosha, presha inapanda yenyewe kupita ile bar 0.7 ya kiwandani, petroli haitoshi, injini inagonga na apeksi sili, ile sili ya ncha ya rota, inavunjika. Daunpaipu peke yake inakubalika na inapunguza joto chini ya boneti, ila kabla ya kugusa bomba la kati tanua wastigeti na utyuni ECU, bila hivyo masega makubwa yabaki. Na wenye FC, RX-7 ya kizazi cha pili, isiyo na turbo, za 1986 mpaka 1988, matundu ya ziada ya hewa kwenye injini yenu yanafunguliwa na presha ya ekzosi yenyewe, ukiweka ekzosi wazi sana hayafunguki na unapoteza nguvu za juu ambazo ndizo ulikuwa unazitafuta. Za 1989 kwenda mbele zinatumia pampu ya hewa, kwa hiyo ukiona mtu anaitoa hiyo pampu eti kupunguza uzito mzuie.

Siku ya kufunga, mkuu, boliti za zamani za manifoldi na masega zimwagie mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, ukizilazimisha zikiwa kavu zinakatikia ndani. Gasketi zote mpya, za bati la tabaka, zile za karatasi gumu zinaungua. Kinga za joto za sakafuni zirudi zote hata kama bomba jipya limebana, na ukiingiza vidole viwili kati ya bomba na sakafu, breki na gia boksi, nafasi iwepo kila mahali, ukitingisha bomba kwa mkono lisiguse popote. Washa, tembeza mpaka ipate joto, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena kila boliti, zitakuwa zimelegea. Rudia baada ya wiki.

Ukishapima presha na kompresheni nitumie namba za rota zote mbili, nyuso zote tatu tatu, pamoja na picha ya masega upande wa injini, nikuambie kama ya bati seli 200 inatosha au ubaki na ya kiwandani.